Barafu na Oksijeni Kule Kusiko na Hewa

   

Leo najibu maswali mawili kwa pamoja, maana nilipoyatazama vizuri niliona ni ndugu. La kwanza limetoka kwa msikilizaji wa Tanga. Anasema tunaambiwa huko juu kabisa hakuna hewa, kisha tunaambiwa kuna barafu mwezini na barafu kwenye nyotamkia. Barafu hiyo inakaaje pasipo hewa? Mbona haichemki ikaisha? La pili ni la mwanafunzi wa sekondari. Yeye amefundishwa kwamba oksijeni ni ya tatu kwa wingi katika ulimwengu wote, nyuma ya haidrojeni na heli. Sasa anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama ni nyingi kiasi hicho, kwa nini wanaanga hawaendi bila kubeba ya kwao?

Nitawapa jibu zima kwanza, kisha tulifumue polepole. Huko angani maji si haba, na oksijeni si haba. Kilicho haba ni maji yanayotiririka na oksijeni iliyo huru. Narudia kwa aliyekuwa anafungua mlango: maji yapo tele, ila yameganda, oksijeni ipo tele, ila imefungwa. Shika hilo, mengine yote ya jioni hii yananing'inia hapo.

Twende kwanza Unguja. Ndiyo, Unguja hii hii. Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kumrusha mtu wao aizunguke dunia, walihitaji vituo vya kuzungumza naye njiani. Redio ya chombo ilisikika tu pale chombo kilipokuwa kinapita juu ya kituo, kikishavuka upeo wa macho basi, kimya. Kwa hiyo walipanga vituo kuizunguka dunia, na kimoja kikajengwa Zanzibar. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipaa ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7, akaizunguka dunia mara tatu, na miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kilikuwemo hicho cha Zanzibar. Kilifungwa mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, na leo vijana wengi wa Unguja ukiwaambia habari hii wanadhani unawatania.

Sasa, katika safari ile Glenn aliona jambo ambalo hakuna aliyemwandaa kwalo. Jua lilipokuwa linachomoza, alitazama dirishani akaona chembe ndogo ndogo, nyingi mno, zinang'aa na kuelea taratibu kandokando ya chombo chake. Akawaambia walioko chini kwamba ziko kama vimulimuli. Unaweza kufikiri jinsi watu walivyokuna vichwa. Ni wadudu? Ni rangi inabanduka? Ni viumbe wa huko?

Jibu lilipatikana miezi mitatu baadaye. Tarehe 24 Mei 1962 mwenzake, Scott Carpenter, alipita njia hiyo hiyo, akaziona chembe zile zile. Yeye akafanya jambo moja rahisi: akagonga ukuta wa chombo kwa mkono. Kundi zima likafumka kutoka nje ya ukuta. Kumbe vimulimuli wa Glenn walikuwa jalidi, ile barafu nyembamba inayojishika juu ya kitu cha baridi. Chombo kilikuwa kinapoozwa kwa maji yaliyoachwa yageuke mvuke, mvuke ukatolewa nje, ukagusa ukuta uliopoa, ukaganda.

Naipenda hadithi hii kwa sababu ni ndogo. Hakuna sayari ya mbali hapo wala darubini. Ni mvuke wa maji uliotoka nje ya chombo, ukawa barafu, na barafu ikakaa pale mahali pasipo hewa yenye maana, mtu anaiona kwa macho yake.

Sasa nirudi kwa msikilizaji wa Tanga. Je, alikosea kudhani kwamba itachemka? Si sana, amekosea kidogo tu. Maji kweli huchemka upesi pale hewa inapopungua. Hewa ina uzito, na uzito huo unatukandamiza sote; shuleni wanauita kanieneo ya hewa. Ukiwa pwani, hewa yote iliyo juu yako inakandamiza sufuria ya maji, na maji yanahitaji kufika nyuzi 100 ndipo mvuke wake upate nguvu ya kuisukuma. Panda Kilimanjaro mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kanieneo imebaki karibu nusu. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Yanachemka kweli kweli, mapovu yote, lakini bandika maharage uone kama yataiva.

Endelea kupanda. Ukifika kama kilomita 19 juu, maji yanachemka kwa joto la mwili wa binadamu, na ndiyo sababu rubani wa ndege za juu sana havai shati tu. Endelea tena, na kuna mahali kanieneo inashuka chini ya sehemu 6 kwa 1,000 ya ile ya pwani. Chini ya hapo maji ya kimiminika hayana makao tena, yanalazimika kuchagua: yawe mvuke au yawe barafu.

Na kama ukiyamwaga huko ndoo nzima ghafla? Hapa ndipo penye raha. Yatachemka na kuganda kwa wakati mmoja. Sehemu ya maji itaruka kuwa mvuke, na kila mvuke unaoondoka unachukua joto kwenye maji yaliyobaki, kwa hiyo yaliyobaki yanapoa, yanapoa, mpaka yanakuwa barafu. Kuchemka kwenyewe ndiko kunakoyagandisha.

Sawa, tumepata barafu. Je, itadumu? Fikiria vidonge vya naftalini unavyoweka kabatini kuzuia nondo wasile kanga za bibi. Havijawahi kuyeyuka. Hukuti kabati limelowa. Lakini baada ya miezi vimepungua, na mwisho havipo, vimekwenda hewani moja kwa moja kutoka ugumu hadi mvuke. Barafu nayo inafanya hivyo. Inafanya hivyo hata hapa Afrika Mashariki: watafiti waliopima barafu ya kilele cha Kilimanjaro wameona kwamba sehemu kubwa yake haipotei kwa kutiririka, inapotea kwa njia hii ya naftalini, kwa sababu hewa ya juu kule ni kavu na ya baridi na jua ni kali.

Angani pia barafu inaondoka hivyo. Kinachoamua kasi yake ni joto. Hebu nirudie, maana hapa ndipo wengi wanapopotea: hewa ikiondoka, barafu haikosi chochote inachokihitaji. Barafu haihitaji hewa ili iwe barafu. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Adui yao ni mtikisiko wa joto, unaozibandua moja baada ya nyingine. Barafu ikipigwa na jua karibu na dunia, mtikisiko ni mkubwa, chembe kama zile za Glenn hazina maisha marefu. Lakini ipeleke barafu hiyo mahali penye nyuzi 160 chini ya sifuri, na inaweza kukaa miaka mabilioni bila kupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Ndiyo maana mfumo wetu wa jua una kama mpaka, mahali fulani kati ya Mirihi na Mshtarii. Ndani ya mpaka, barafu iliyo wazi juani haiwezi kuzeeka. Nje ya mpaka, barafu ni ya kawaida kama mawe. Miezi mikubwa ya Mshtarii, isipokuwa mmoja, imejaa barafu. Pete za Zohali, zile nzuri tunazoziona kwenye picha, karibu zote ni vipande vya barafu ya maji. Na nyotamkia ni mgeni anayetoka nje ya mpaka akaingia ndani: kadiri inavyolikaribia jua barafu yake inageuka mvuke, mvuke unabeba vumbi, na hapo ndipo mkia unapozaliwa. Ile ya Halley waliyoiona wazee wetu mwaka 1986 itarudi mwaka 2061. Walio wadogo leo, itunzeni miadi hiyo.

Sasa kuna msikilizaji makini ananisubiri. Anasema: mwezi uko hapa karibu nasi, ndani ya mpaka, na adhuhuri ya mwezini joto linapita nyuzi 100. Barafu gani hiyo ya mwezini?

Ni swali zuri, na jibu lake ni kivuli. Pasipo hewa hakuna upepo wa kubeba joto kutoka juani hadi kivulini. Hapa kwetu ukikaa chini ya mwembe bado hewa ya moto inakufuata. Mwezini haikufuati. Mwezi umesimama karibu wima kwenye mzunguko wake, umeinama nyuzi moja na nusu tu, hivyo ukiwa kwenye ncha zake jua linatambaa pembezoni mwa upeo, halipandi. Mashimo makubwa ya huko yana sakafu ambazo hazijaonja mwanga wa jua kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuwaza. Baadhi yamepimwa yakaonekana na baridi ya zaidi ya nyuzi 240 chini ya sifuri. Molekuli ya maji ikiangukia humo haitoki.

Na si maneno matupu. Chombo cha India, Chandrayaan-1, kilichorushwa mwaka 2008, kilisaidia kuonyesha dalili za maji kwenye udongo wa mwezi. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Oktoba 2009, Wamarekani waliamua kuuliza kwa ukali zaidi: waliangusha kipande cha roketi ndani ya shimo liitwalo Cabeus, karibu na ncha ya kusini, huku chombo kingine kikifuata nyuma kutazama kinachoruka. Ndani ya lile vumbi walipata zaidi ya kilo 100 za maji, mvuke na barafu pamoja.

Utaridi ndiyo inayochekesha zaidi. Hiyo ni sayari iliyo jirani kabisa na jua, mchana wake unafika nyuzi 430, joto la kuyeyusha risasi. Lakini mwaka 1991 mawimbi ya rada yaliyotumwa kutoka duniani yalirudi kutoka ncha zake yaking'aa kwa namna ambayo barafu hung'aa. Watu walibishana miaka zaidi ya 20, mpaka chombo cha MESSENGER kilipoizunguka sayari hiyo na mwaka 2012 kikathibitisha: kwenye mashimo ya kivuli cha kudumu, barafu imo. Kwa hiyo usiulize kama mahali ni karibu na jua. Uliza kama jua linapaona.

Mpaka hapa tumejibu namna barafu inavyokaa. Hatujajibu ilitoka wapi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kwangu mimi hiki ndicho kiini cha mazungumzo yote.

Maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja, hilo kila aliyepita sekondari analijua. Haidrojeni ni ya tangu mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Oksijeni haikuwepo. Hata chembe moja. Ilibidi ipikwe, na jiko lake ni tumbo la nyota. Ndani ya nyota iliyozeeka, heli tatu zinabanwa pamoja zinakuwa kaboni; kaboni ikimeza heli moja zaidi, inakuwa oksijeni. Nyota kubwa zinapokufa zinalipuka, na mlipuko unaitawanya oksijeni angani. Oksijeni uliyoivuta sasa hivi niliposema neno "sasa" ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuzaliwa.

Kando kidogo: kila nikizungumzia nyota hapa, mtu huniuliza jua linawakaje bila oksijeni. Haliwaki. Moto wa kuni ni oksijeni inashikana na kaboni. Jua linabana haidrojeni kuwa heli, kazi nyingine kabisa, na halihitaji hewa hata kidogo. Tuendelee.

Oksijeni imetawanyika. Inaelea mpaka inakutana na mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota na nyota. Ndani ya mawingu hayo ni giza, na baridi inafika nyuzi 263 chini ya sifuri. Kuna punje za vumbi, ndogo kupita kiasi cha kuonekana kwa jicho. Atomi ya oksijeni inagonga punje, inanata. Baadaye atomi ya haidrojeni inatua juu ya punje hiyo hiyo, inatangatanga juu yake, inaikuta oksijeni, zinashikana. Inakuja haidrojeni ya pili. Maji tayari, na papo hapo ni barafu.

Kwa nini zihitaji punje? Kwa nini zisikutane tu angani? Kwa sababu atomi mbili zinaposhikana hutoa nishati, na kama hakuna kitu cha kuipokea nishati hiyo, inazitenganisha tena. Punje ndiyo inayoipokea. Ni kama mshenga, bila yeye wawili hao wangepishana tu.

Punje moja baada ya nyingine, barafu inajenga tabaka. Nayo si barafu ya friji iliyopangika vizuri. Ni barafu iliyokaa ovyo, kila molekuli imelala vile ilivyoangukia, maana baridi ni kali mno kwa molekuli kujigeuza ikajipanga. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi ya mwaka 2021, imetazama ndani ya wingu moja la namna hii lililo upande wa kundinyota la Chamaeleon, na matokeo yakatolewa mwaka 2023: barafu ya maji, na pamoja nayo barafu ya kaboni dioksidi, ya amonia, ya methani, hata ya methanoli. Vyote vimeganda juu ya vumbi, kabla hata jua la huko halijawaka.

Umesikia maana yake? Maji hayakuanza yakiwa mito. Sehemu kubwa ya maji ya ulimwengu ilizaliwa ikiwa barafu, gizani, na kimiminika ni hali iliyokuja baadaye, mahali pachache penye bahati ya joto la wastani na kanieneo ya kutosha. Wanasayansi wengi wanaona kwamba sehemu ya maji yetu haya, ya Rufiji na ya bahari, ina umri mkubwa kuliko jua.

Sasa mwanafunzi wetu. Yeye anauliza oksijeni, si maji. Nami namwambia: umeshaiona ilipojificha. Oksijeni haipendi upweke. Ikipata haidrojeni inakuwa maji, ikipata kaboni inakuwa kaboni dioksidi, ikipata silikoni na chuma inakuwa mawe. Ile tunayoivuta sisi, oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe, ni hali ya nadra sana. Wanaastronomia waliitarajia kwa wingi kwenye mawingu yale ya gesi. Wakarusha setilaiti iitwayo SWAS mwaka 1998, ikaikosa. Ya Sweden na wenzake, Odin, ikafuata mwaka 2001, ikapata dalili ya kidogo mno. Ni mwaka 2011 tu ambapo darubini ya Ulaya, Herschel, iliithibitisha wazi kwenye mawingu ya Orion, na hata huko ilikuwa kidogo kuliko hesabu za vitabu. Iliyobaki ilikuwa wapi? Nyingi imeganda kwenye vumbi, ikiwa maji.

Halafu ikaja ile iliyowashangaza. Chombo cha Ulaya, Rosetta, kilisafiri miaka 10 kuifuata nyotamkia yenye jina refu, 67P/Churyumov–Gerasimenko, kikaifikia Agosti 2014. Ndani yake kilikuwa na kifaa cha kunusa gesi, kilichosimamiwa na Kathrin Altwegg wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Mwaka 2015 wakatangaza: nyotamkia ile inatoa oksijeni, ile ile ya kuvuta, karibu asilimia 4 ukilinganisha na maji yake. Hakuna aliyeitegemea. Gesi inayoshikana na kila kitu ilikaaje miaka bilioni 4.6 bila kushikana na chochote? Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba ilinaswa ndani ya barafu tangu barafu ilipokuwa inajijenga, ikafungiwa humo. Wapo wanaobisha, wanaotafuta njia nyingine ya kuizalisha hapo hapo kwenye nyotamkia, na ubishi huo bado haujafungwa. Mimi naegemea kwenye kufungiwa, kwa sababu katika vipimo vya mwanzo oksijeni ilipanda na kushuka pamoja na maji.

Kuna njia nyingine ya kupata oksijeni huru, nayo haihitaji mti wala jani. Nenda Europa, mwezi wa Mshtarii, wenye ganda la barafu kote. Mshtarii una nguvu za sumaku kubwa ajabu, zinazorusha chembe za umeme zikaipiga barafu hiyo usiku na mchana. Chembe zinavunja molekuli za maji. Haidrojeni ni nyepesi, inatoroka. Oksijeni ni nzito, inabaki. Ndiyo maana darubini ya Hubble ilikuta hewa nyembamba ya oksijeni kule Europa mwaka 1995. Chombo cha Juno kilipopita karibu mwaka 2022, hesabu zilizotokana na safari hiyo zilionyesha kama kilo 12 za oksijeni zinazozalishwa kila sekunde.

Natumia nafasi hii kuwasihi waandishi wenzangu wa habari. Ukisikia oksijeni imepatikana mahali, usiandike kesho kwamba uhai umepatikana. Europa inatengeneza oksijeni kwa kupigwa tu. Ya kwetu duniani, asilimia 21 ya hewa, hiyo kweli ni kazi ya viumbe, kwanza vijidudu vya majini vilivyoanza kuijaza hewa miaka zaidi ya bilioni 2 iliyopita. Lakini kanuni ya hapa si kanuni ya kila mahali. Ukisikia maji yamepatikana, uliza: ni barafu au yanatiririka? Ukisikia oksijeni, uliza: imefungwa au iko huru?

Basi kwa nini wanaanga wanabeba? Hata palipo na oksijeni huru, mara nyingine ni ya aina mbaya. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kama kilomita 400 juu yetu, bado kuna mabaki membamba sana ya hewa ya dunia, na sehemu kubwa yake ni oksijeni iliyopasuliwa na mionzi ya jua, atomi moja moja. Kituo kinazigonga kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde. Atomi hizo zenye njaa zinakula plastiki iliyo nje, inabidi ipakwe kinga. Ipo nje ya dirisha, inatafuna chombo, na huwezi kuivuta.

Ndani, oksijeni yao inatoka kwenye maji. Wanapitisha umeme, maji yanapasuka, haidrojeni huku, oksijeni huku. Na maji yenyewe? Mengi ni jasho lao, pumzi zao na mkojo wao, yamesafishwa. Mwaka 2023 Wamarekani walisema wamefikia kurudisha asilimia 98 ya maji yote ya kituoni. Usikunje uso, msikilizaji.

Mahali pengine wanajaribu kuifungua iliyofungwa. Kwenye gari la Perseverance lililotua Mirihi Februari 2021 kulikuwa na kisanduku kiitwacho MOXIE. Kilivuta hewa ya Mirihi, ambayo karibu yote ni kaboni dioksidi, kikaipasha joto kali na kuivua oksijeni. Kilianza Aprili 2021, kikamaliza kazi mwaka 2023 kikiwa kimetoa gramu 122 kwa jumla. Mtu mzima hutumia karibu gramu 840 kwa siku, kwa hiyo kazi yote hiyo isingempumulisha mtu saa nne. Lakini imethibitisha kwamba njia ipo. Udongo wa mwezi nao, kwa uzito, ni oksijeni kwa zaidi ya asilimia 40. Unaikanyaga, ila imeshikwa na chuma na silikoni, na kuichomoa kunadai joto na umeme wa kutosha. Mwanafunzi wangu, hapo ndipo jibu lako lilipo: wanabeba kwa sababu kuifungua kule bado ni ghali kuliko kuibeba. Ndiyo maana mataifa makubwa yanagombea ncha ya kusini ya mwezi. Barafu ile kwao ni maji, ni hewa, na ni mafuta ya roketi, maana sehemu kubwa ya uzito wa roketi nyingi zinapoondoka ni oksijeni ya kimiminika. Mimi sijashawishika na wanaotangaza biashara hiyo kana kwamba ni ya mwakani. Kuchimba kwenye baridi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, gizani, kwa mashine inayotegemea umeme wa jua, si kuchimba kisima.

Kabla sijaaga, kuna mmoja ameandika sasa hivi anauliza kama barafu ya nyotamkia inanyweka. Kile kifaa cha kunusa cha Rosetta kilikuta pamoja na maji gesi ya mayai viza, amonia ile ya mkojo wa zizini, na formaldehaidi inayotumika kuhifadhi maiti. Kilikuta pia sianidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu. Kwa hiyo, ndugu yangu, mpaka uichuje kwanza, na uichuje sana.

Muda umeniishia, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo tunashuka kutoka juu kwenda chini: msikilizaji wa Kigoma anataka kujua kwa nini maji ya kina kirefu ya Ziwa Tanganyika hayana oksijeni kabisa, na samaki wanajuaje waishie wapi. Nitakuwa hapa, saa hii hii. Usiku mwema.